KUH: Laptopu isiyofaa kazi niliyowatajia, na aibu niliyotiwa kwenye kaunta yenu ya Kisumu

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Makao Makuu, Nairobi.

Kwa heshima zote, naandika kwa sababu simu zangu zinarushwa kutoka dawati hili hadi lile mpaka salio linaisha. Sera yenu ya kurudisha bidhaa mnaijua, imebandikwa ukutani nyuma ya keshia wenu, kwa hiyo sitawanukulia. Risiti ninayo, waranti ninayo, hata boksi ninalo.

Muuzaji wenu nilimweleza kazi yangu kabla sijatoa pesa. Natunza vitabu vya hesabu vya maduka ya hapa mjini na vya chama kimoja cha akiba na mikopo. Programu yangu ya uhasibu haifanyi kazi bila ufunguo wake wa USB, kile kifaa kidogo cha kuchomeka kinachothibitisha leseni, na wateja wangu wanataka risiti zilizochapishwa. Akanijibu, “Madam, Office ni Office. Hii ina Snapdragon, ni mpya kabisa, utasahau hata chaja.”

Kwa Office hakudanganya. Word inafunguka papo hapo, Excel inapiga hesabu za majedwali marefu bila feni kulia, na betri inanivusha siku nzima. Na aliyeunda Snapdragon, prosesa hiyo ya aina ya Arm, sina ugomvi. Ugomvi wangu ni na nyinyi mnaouza mashine ya Arm kana kwamba ni sawa na zile za Intel na AMD zilizokuwa kwenye rafu hiyo hiyo.

Programu zilizoandikwa kwa prosesa za x86, yaani za Intel na AMD, Windows 11 huzitafsiri kwa Prism, kitafsiri chake cha ndani, ndipo ziende kwenye Arm. Nyingi hukubali, nyingine hujikokota. Draiva, yaani programu inayoiunganisha Windows na kifaa, haitafsiriwi. Lazima iwe imeandikwa kwa Arm, la sivyo kifaa hakifanyi kazi. Ndiyo maana programu yangu inafunguka vizuri, inaonyesha nembo, kisha inasema haioni ufunguo, na ufunguo umechomekwa pale pale unawaka taa ya kijani. Printa ya risiti nayo imekufa kwa sababu hiyo hiyo. Kiongezi changu cha Excel, programu ndogo inayoongezwa ndani yake, ni cha biti 32, na Excel ya Arm ni ya biti 64, hakiingii. Haya niliyasoma kwenye simu usiku. Je, mfanyakazi mnayemlipa mshahara auze laptopu alishindwa kuyasema mchana?

Sasa nije kwa siku ile ya kaunta.

Niliingia na mashine, na foleni ilikuwa hadi mlangoni. Fundi wenu akaifungua, akabonyezabonyeza, akasema kwa sauti ya kusikika na kila mtu: “Mathe, laptopu iko sawa. Shida ni mtu anayeitumia.” Watu wakacheka. Mimi ni mhasibu, nina wafanyakazi wawili, na mmoja wao alikuwa amesimama kando yangu amebeba printa.

Tarehe 9, siku ya mwisho ya kuwasilisha makato ya mishahara, ilikuwa inakaribia. PAYE, NSSF na SHIF hazingoji fundi wenu amalize kucheka. Mashine yangu ya zamani ilikuwa imeshatoka mikononi mwangu, maana msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025 na prosesa yake haikubaliki kwa Windows 11. Nilimaliza kazi ya watu kwenye kompyuta ya kukodi, nikitazama mlangoni nani anaingia.

Tena pale kaunta hamjasikia yote, kwa sababu nilipopiga simu mlinikata nikiwa katikati. Kabla hajasema neno lile, fundi alifungua faili la mishahara la mteja wangu. Hakuniomba ruhusa. Alitaka “kuonyesha Excel inavyokimbia”. Kisha akaigeuza skrini kuelekea foleni, akaivuta orodha juu chini kwa kidole, majina na mishahara ya watu yakipita mbele ya wageni. Nikanyoosha mkono kuifunga, akausukuma mkono wangu. Hapo ndipo aliposema, “Mathe, shida ni mtu anayeitumia.” Hicho ndicho kicheko ninachowaandikia.

Nilikuwa nimepanga kuomba mnibadilishie tu, mnipe mashine ya Intel au AMD ya bei ile ile. Meneja wenu wa tawi alisema bidhaa iliyofunguliwa haibadilishwi “isipokuwa ina hitilafu”. Haya basi, sitaki tena kubadilishiwa. Nataka pesa zangu zote, gharama ya kompyuta niliyokodi, na barua ya kuniomba radhi yenye sahihi yenu ambayo naweza kumwonyesha mteja ambaye siri za wafanyakazi wake zilianikwa dukani kwenu.

Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidi bidhaa aliyonunua. Kuhusu faili la mishahara, ipo Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na malalamiko kwa Kamishna nimeshayaandika, bado kuyatuma tu. Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai ya hadi shilingi milioni 1, na yangu hayafiki hapo, ingawa kila mnaponinyamazia yanaongezeka.

Nawapa siku saba tangu mpokee barua hii. Pesa zije kwa akaunti niliyolipia. Laptopu nitaituma na mtu wa bodaboda dhidi ya risiti yenye muhuri wenu, na nimeshafuta kila kitu ndani yake. Kwenye kaunta ile sikanyagi tena.

Wenu,
Mhasibu, Kisumu

Nakala: Wakili wangu