Malalamiko Kuhusu Vihisi vya Upepo Visivyosomwa na Gari, Vilivyouzwa Pamoja na Magurudumu ya Majira ya Baridi

Kwa Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja.

Ndugu Meneja,

YAH: VIHISI VINNE VYA UPEPO WA TAIRI VISIVYOLIFAA GARI LANGU

Ninaandika kulalamikia seti ya pili ya magurudumu niliyoinunua kwenu mwanzoni mwa majira haya ya baridi: rimu nne, matairi manne ya baridi, na vihisi vinne vya upepo, yaani vifaa vidogo vinavyopima upepo wa tairi na kuitaarifu kompyuta ya gari kwa redio, vilivyofungwa ndani yake na mafundi wenu. Matairi yenyewe sina neno nayo, kwani yanashika barabara yenye theluji kama mlivyoahidi. Malalamiko yangu ni kwamba vihisi mlivyovifunga haviwezi kabisa kuwasiliana na gari langu, kwamba mlikuwa na taarifa zote za kuwawezesha kulijua hilo kabla ya kunikabidhi, na kwamba tangu nilipowaeleza mmekuwa mkinishauri niizoee taa ya onyo badala ya kuliondoa kosa lenyewe.

Siku ya kuagiza niliacha kwenu nakala ya kadi ya gari, yenye modeli, mwaka wa kutengenezwa na namba ya chasisi. Nilimweleza mhudumu wenu kwamba nataka seti kamili yenye vihisi vyake, kwa sababu sipendi tairi livuliwe kwenye rimu mara mbili kila mwaka. Kila linapovuliwa, ukingo wake huumia kidogo, na kihisi kilichoshikamana na shina la valvu kinaweza kuvunjwa na mashine ya fundi asiye mwangalifu. Mwenye seti ya pili ya magurudumu kamili huhitaji jeki na spana tu misimu inapobadilika. Mhudumu alikubaliana nami, na kwenye risiti yakaandikwa maneno haya: seti hii ipo tayari kufungwa na kuendeshwa. Kwa maneno hayo nililipa.

Siku ya kufungwa, fundi aliwasha gari uwanjani kwenu, akanionyesha kwamba hakuna taa yoyote ya onyo kwenye dashibodi, nami nikatia saini ya kupokea. Leo ninafahamu kwamba ukaguzi huo haukuthibitisha kitu. Kompyuta ya gari haitambui mara moja kwamba vihisi vyake vimetoweka. Gari hulazimika kwanza kuendeshwa kwa muda kompyuta ikisubiri taarifa zao, na ndipo inapotangaza hitilafu. Nilikuwa nimekwenda kama dakika 20 barabarani taa ilipoanza kumweta, ikamweta kwa dakika moja na zaidi, kisha ikatulia ikiwaka. Tangu siku hiyo hurudia vivyo hivyo kila ninapowasha injini na kuondoka.

Naomba mzingatie namna taa hiyo inavyowaka, kwa kuwa jibu lenu la kwanza lilipita mbali na jambo hili. Mliniambia kwa simu kwamba ni baridi tu, na kwamba upepo hupungua ndani ya tairi hewa inapopoa. Ni kweli hupungua, takriban paundi moja kwa kila nyuzi 5 au 6 za Selsiasi zinazoshuka, na kwa sababu hiyo tairi lililojazwa ndani ya karakana yenye joto hupungukiwa likilala nje usiku wa barafu. Lakini tairi lenye upepo mdogo huwasha taa moja kwa moja bila kumweta. Taa inayomweta kwanza ndipo ikatulia inasema jambo jingine: mfumo wenyewe una hitilafu, gari halipati habari za magurudumu yake. Maelezo haya yamo katika kitabu cha gari langu, na naamini fundi yeyote anayefunga vihisi kila siku anapaswa kuyajua bila kufungua kitabu. Hata hivyo nilipima matairi yote manne kwa kipimo cha mkono asubuhi kabla ya kuondoka, nikakuta yote yana paundi 35 kama kibandiko cha mlangoni kinavyoelekeza, na taa ikamweta kama kawaida.

Nilipowarudia, mliniambia niendeshe tu, gari litajifunza lenyewe. Niliendesha siku tisa na halikujifunza. Mara ya tatu mhudumu mwingine akaniambia kwamba magari mengine hayana vihisi ndani ya magurudumu na bado yanatoa onyo, kwa kulinganisha kasi ya mzunguko wa kila gurudumu kupitia mfumo wa breki. Hilo nalo ni kweli kwa magari hayo. Gari langu si mojawapo, na kama lingekuwa hivyo, basi msingeniuzia vihisi vinne nisivyovihitaji. Mwisho akanishauri niiache taa iwake hadi kiangazi, nitakaporudisha magurudumu ya zamani. Ushauri huo ndio ulionikera kuliko kosa lenyewe.

Kwa kuwa hamkuwa tayari kulikagua tena gari bila malipo, nililipeleka kwenye karakana nyingine. Fundi alisogeza kifaa cha kusomea karibu na valvu ya kila gurudumu, na vihisi vyote vinne vikajibu, betri zikiwa nzima na vipimo vya upepo vikiwa sahihi. Tatizo ni kwamba vinatangaza kwa masafa ya redio ya megahezi 315, yanayotumika katika magari mengi yaliyotengenezwa kwa soko la Amerika Kaskazini, ilhali kipokezi cha gari langu husikiliza megahezi 433, kama magari ya Ulaya na ya nchi nyingine nyingi. Vihisi hivi vingezunguka humo miaka kumi, hadi betri zake zikaisha, bila gari kusikia neno hata moja. Hakuna mafunzo ya kompyuta yanayoweza kurekebisha hali hiyo, kwani aina mliyofunga ina masafa ya namna moja tu yasiyobadilishwa. Kabla kihisi hakijaingizwa kwenye rimu, mtu akisoma maandishi yaliyo juu yake na kuyalinganisha na namba ya chasisi niliyowaachia, anaona kosa mara moja.

Fundi huyo aliona jambo la pili, dogo lakini la kutajwa. Mashina ya valvu ni ya alumini, lakini ndani yake mmeweka viziba vya kuzuia upepo vya shaba nyeupe badala ya vile vilivyopakwa nikeli. Chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu ikipenya hapo, metali hizo mbili hulana, kiziba kikaganda ndani ya shina, na siku ya kukitoa shina huvunjika pamoja na kihisi chake. Katika magurudumu yaliyonunuliwa mahsusi kwa msimu wa chumvi, uzembe huo sikuutarajia.

Sasa niwaeleze kwa nini silichukulii jambo hili kama taa tu. Wiki tatu baada ya kufunga seti yenu nilisafiri na familia yangu usiku, theluji ikianguka, taa ikiwaka vilevile kama kila siku. Asubuhi yake nilipopima matairi nilikuta la nyuma kulia lina paundi 22, na msumari umezama katikati ya meno ya tairi. Pancha ya aina hiyo hutoa upepo polepole na dereva haihisi kwenye usukani, hasa tairi likiwa la nyuma na barabara ikiwa imefunikwa na theluji. Kanuni za Ulaya zinataka mfumo uonye upepo unapopungua kwa asilimia 20, na zile za Marekani kwa asilimia 25. Kwa tairi la paundi 35, maana yake ni onyo kutolewa takriban kwenye paundi 28 au 26. Paundi 22 zimepita mipaka yote miwili. Kama vihisi vingesikika, ningeonywa mapema nikiwa bado na nafasi ya kusimama mahali penye mwanga. Lakini taa ilikuwa inawaka tayari kwa sababu ya kosa lenu, kwa hiyo haikuwa na namna ya kuniambia lolote jipya. Dereva asiye na taa kabisa angalau hukumbuka kupima. Mimi niliambiwa na wataalamu niipuuze, na kwa siku kadhaa nilitii.

Ninachoomba ni hiki. Vueni vihisi vyote vinne na muweke vya megahezi 433 vinavyooana na modeli na mwaka wa gari langu, pamoja na viziba vilivyopakwa nikeli, kisha msawazishe magurudumu upya, bila malipo yoyote kutoka kwangu. Kwa kuwa kompyuta ya gari langu huhifadhi namba za utambulisho za vihisi vinne tu, naomba vihisi vipya vinakiliwe namba za vile vya magurudumu ya kiangazi, ili nisilazimike kuja kuiandikishia kompyuta ya gari namba mpya kila msimu. Kazi hiyo inawezekana kwa vihisi vinavyoweza kuandikiwa namba, na kwa kifaa ambacho karakana yenu inacho. Kabla ya kunikabidhi, fundi aliendeshe gari barabarani kwa angalau nusu saa nami nikiwemo, na saini yangu ya sasa itatolewa baada ya safari hiyo. Naomba pia nirudishiwe gharama ya ukaguzi niliyolipa kwenye karakana ya pili.

Kuna ombi moja lisilonihusu mimi peke yangu. Ikiwa sanduku hilo la vihisi vya megahezi 315 lilitumika kwa wateja wengine msimu huu, wapo wanaoendesha sasa wakiitazama taa ileile na huenda wamepewa ushauri uleule. Nawaomba muwatafute kupitia kumbukumbu za mauzo na kuwaeleza wapime upepo kwa mkono hadi watakaporekebishiwa.

Nimeambatanisha nakala ya risiti, taarifa ya karakana ya pili yenye masafa yaliyosomwa kwa kila gurudumu, na picha ya msumari ukiwa bado kwenye tairi. Natarajia jibu la maandishi lenye tarehe ya kuleta gari ndani ya siku 14 tangu kupokelewa kwa barua hii. Siku hizo zikipita bila jibu, nitakabidhi nyaraka hizihizi kwa mamlaka inayowalinda watumiaji wa bidhaa.

Wenu mwaminifu,
Mteja mwenye risiti iliyoambatanishwa