Mhariri, tuchapishieni na michezo tuliyopigwa

Mhariri, salaam. Mimi msomaji wenu wa siku nyingi hapa Tanga, naomba kanafasi niongelee sataranji, au chesi kama vijana wanavyoiita, manake gazeti likiandika habari za huu mchezo, mara moja moja, tunaambiwa nani kabeba kikombe na nani kawa wa pili basi imeisha, hatuambiwi aliyepigwa kapigwaje, na kwa mtu anayetaka kujifunza hapo ndo penye nyama.

Wiki mbili zilizopita nilipigwa na kijana wa kidato cha tatu. Nilicheza nyeusi, yeye nyeupe, tukaanza na ule ufunguzi wa farasi wanne, wote tukaficha wafalme wetu upande wa kulia kwake, mambo ya kawaida kabisa. Hatua ya 19 akala farasi wangu wa f6 (herufi ni safu ya wima ya ubao, namba ni ya mlalo) kwa askofu huku akinipa cheki, yaani akimtishia mfalme wangu, malkia wangu akawa anakwenda, nikampa mkono kukubali nimeshindwa. Nyumbani nikawaambia watu nimepoteza kwa sababu hatua ya 18 nilisogeza ngome h8 bila kuangalia. Nililala nikiamini hivyo, na wachezaji wengi tunalala tukiamini hivyo, kosa la mwisho ndo tunalolikumbuka kwa kuwa ndo linalouma.

Kesho yake nikapanga kete upya, simu nimeizima, daftari pembeni. Nikauliza swali moja tu kwa kila hatua, hapa nilikuwa nafikiri nini? Nikaanza kurudi nyuma. Hatua ya 18 hata nisingesogeza ile ngome ningecheza nini? Pale f6 palikuwa pameangaliwa na kete zake tatu, askofu wa g5, ngome ya f4 na malkia wa f3, mimi natetea na mbili, malkia na mfalme mwenyewe. Kila nilichojaribu ubaoni kiliuma sehemu nyingine. Kwahiyo kosa haliko hapo. Nikarudi hatua ya 13, nilipompandishia askari wa g ili nimfukuze askofu wake aliyembana farasi wangu, maana farasi akisogea malkia wangu wa nyuma yake analiwa, akatoa farasi mzima kwa askari wawili, akamla wa g5, nami nikamla, askofu akarudi palepale g5 na mfalme wangu yuko uchi. Hili ni kosa kweli, na ni kosa la kila siku, ukiwa na farasi amebanwa na mfalme yuko upande uleule usipandishe askari wa mbele yake kwa hasira. Nikaandika kwa kalamu nyekundu, nikataka kufunga daftari.

Ila kuna kitu kikanisumbua. Kwa nini nilikuwa na hasira na yule askofu? Kwa sababu sikuwa na njia nyingine ya kumwondoa. Na kwa nini sikuwa na njia nyingine? Nikarudi tena mpaka hatua ya 7, nilipomla farasi wake wa c3 kwa askofu wangu. Nilifurahi sana siku ile, vitabu vinasema askari wake wanapandana kwenye faili moja, yaani safu moja ya wima, na hiyo ni kasoro. Sawa, lakini askofu niliyemtoa ndo yule yule ambaye angerudi e7 akamkinga malkia na farasi wangu akapumua. Na ile kasoro ya askari waliopandana sikuwahi kuishambulia hata mara moja mchezo mzima!! Halafu farasi wangu wa pili aliyekuwa c6 nikampeleka a5, akaenda kumla askofu wake wa b3, nikajiona mjanja. Kete kwa kete, hesabu sawa kabisa, lakini kila niliyeuza alikuwa ni mlinzi wa f6.

Na hapa ndo nilipopata dawa yenyewe, ambayo wachezaji wa zamani wanaijua. Ukishamla wa c3 katika ufunguzi ule, malkia anakwenda e7, mraba wa d8 unabaki wazi, farasi wa c6 anarudi d8 halafu anatokea e6 na kumuuliza yule askofu wa g5, wewe unakaa au unaondoka? Farasi anarudi nyuma ili aende mbele. Kumbe kumla farasi wa c3 si kosa lenyewe, kosa ni kumla halafu huna mpango unaoendana na ulichokitoa. Mimi nilicheza nusu ya wazo la mtu mwingine.

Mhariri naomba muelewe kwa nini nasisitiza hii sehemu ya katikati. Ufunguzi unaukariri, mwisho wa mchezo zikibaki kete chache kuna hesabu unaweza kujifunza moja moja, lakini katikati hakuna wa kukukaririsha, ni fikra zako tu, na fikra zako hazionekani mpaka uziandike. Vijana wetu wakimaliza mchezo wanakimbilia Stockfish, programu ya kuchambua sataranji, nzuri na ni ya bure, siisemi vibaya, inawaonyesha hatua ya 13 mstari wa nani anaongoza umeanguka, wanasema aaa kumbe hapa, wanafunga simu wanaanza mchezo mwingine. Imewapa namba haijawapa sababu. Mi nawaambia watoto ninaowafundisha Jumamosi, andikeni kwanza ya kwenu hata kama ni ujinga, ndo mfungue programu, ikikataa mawazo yenu hapo ndo mtajifunza kwa kuwa mtakuwa na cha kukataliwa.

Botvinnik wa Urusi ya Kisovieti alivuliwa ubingwa wa dunia na Tal mwaka 1960, pointi 12 na nusu kwa 8 na nusu, kijana wa miaka 23 kampiga mzee vibaya. Mzee hakuenda kulalamika, akakaa na ile michezo, akaja mwaka 1961 akiwa na miaka 49 akashinda 13 kwa 8. Na miaka mitatu kabla alishafanya hivyohivyo kwa Smyslov, kapoteza 1957 karudisha 1958. Huyu bwana alikuwa anataka mchambuzi achapishe uchambuzi wake watu wausome na wauponde, kwa kuwa peke yako unajihurumia.

Na hili sio geni kwetu. Nenda kwenye kijiwe chochote cha drafti, mzee akipigwa hainuki, utasikia rudisha, rudisha, turudi pale ulipokula mbili, kete zinarudishwa na watazamaji wote wanabishana mpaka magharibi. Ile ni shule. Sataranji tumeichukua na saa na vikombe vyake lakini hicho kijiwe chake hatujakijenga.

Ombi langu basi ni kona ndogo kila Jumamosi, hata robo ukurasa, mchezo mmoja wa msomaji aliyepigwa, picha ya ubao pale mambo yalipogeuka, na maneno yake mwenyewe alikuwa anafikiri nini. Wiki inayofuata wasomaji wajibu. Haihitaji bingwa, inahitaji mtu mkweli.

Nimeanza mimi, karatasi ya mchezo wangu nimeambatanisha, hatua zote 19. Na swali la kwanza nalitoa hapahapa kwa kuwa nimekaa nalo siku tisa na bado sijaridhika, hatua ya 14, farasi wake ameshatua g5, je ilikuwa lazima nimle?

Mwalimu wa sataranji wa Jumamosi,
Tanga