Mhariri, kasri ya Lord Egerton ifunguliwe watu walale

Mhariri,

Mimi nimefunza shule za msingi hapa Nakuru miaka 31 na kama kuna mahali nimepeleka watoto mara nyingi ni kwa kasri ya marehemu Lord Egerton, yule mlowezi Mwingereza, kule Ngata. Basi la shule, mkate na juisi, watoto wawili wawili wameshikana mikono, mtembezaji anatupitisha vyumba, picha pale mbele, saa tisa tunarudi. Ndio hivyo mpaka leo. Watu wanakuja mchana, Jumamosi ni harusi, jua likizama wote wameenda. Mimi niliona hiyo ni sawa tu mpaka Septemba mwaka jana nilipolala kwa kasri ya ukweli, na sio hii yetu, ni ya Uskoti.

Binti yangu ni nesi kule Glasgow. Nilienda kumwona yeye na mjukuu, na wikendi moja akatupandisha treni ya kwenda Oban, masaa matatu hivi ya milima na maji na kondoo, tukateremka tukachukua teksi na mimi najua tunaenda hoteli. Kumbe ni nyumba ya mawe ya miaka ya 1600, nyembamba imeenda juu ghorofa nne, madirisha ya chini ni matundu tu ya kupitishia mtutu wa bunduki. Jina sitataja maana hii si tangazo. Aliyetufungulia mlango ni mama mwenyewe wa hiyo nyumba na aproni yake, akanipokea begi akatangulia kupanda.

Ngazi zinazunguka kama konokono, mawe yamelika katikati kwa kukanyagwa miaka na miaka, badala ya reli ni kamba nene imepigiliwa ukutani. Ukuta wa chumba chetu ulikuwa mnene hadi mjukuu akajilaza ndani ya dirisha, kichwa huku miguu kule, na nafasi ikabaki. Baridi ilikuwepo, siwezi kudanganya, lakini kitandani tulipata chupa ya maji moto na blanketi za sufu, na chini sebuleni moto wa kuni uliwaka mpaka usiku. Choo kilikuwa nje kwa korido. Nikamuuliza mama mbona wasiweke choo ndani ya kila chumba kama lojing'i zingine, akaniambia nyumba imeandikishwa na serikali kama turathi, huwezi kutoboa ukuta hivi hivi bila kibali, kwa hivyo walitafuta kona ambayo bomba litapita bila kuumiza jiwe, na mgeni anaelezwa mapema kabla hajalipa. Hilo jibu nilirudi nalo Kenya, maana hapa ukisema watu walale kwa jengo la kihistoria jambo la kwanza utasikia ni ati litaharibiwa.

Asubuhi tukapewa uji wa oti wenye chumvi na soseji nyeusi ya damu ambayo mtu yeyote wa Nakuru akiionja atakwambia hii ni mutura, ni vile tu wao wanaikaanga na sisi tunachoma. Nikamwambia mama wa nyumba hivyo akafurahi sana, akaketi na sisi, na hapo ndio akaanza kunieleza mambo ya paa. Paa la nyumba kama ile linakula pesa kila mwaka, mvua ya kule haina msimu, na wao si matajiri, walirithi mawe bila pesa. Pesa ya wageni ndio inanunua vigae. Alisema bila vile vitanda nyumba ingekuwa gofu saa hii, na njiani kwenda Oban magofu nimeyaona kwa macho yangu, kuta mbili tatu zimesimama ndani ya nyasi.

Sio watu binafsi pekee wanafanya hivi. Binti yangu alinipeleka pia Culzean, kasri kubwa ya ukoo wa Kennedy juu ya mwamba kando ya bahari kule Ayrshire, iliyotengenezwa na mjenzi Robert Adam kati ya 1777 na 1792. Mwaka wa 1945 hiyo familia iliipa National Trust for Scotland, shirika linalotunza majengo ya kale, wakaomba ghorofa ya juu apewe Jenerali Eisenhower wa Marekani aitumie maisha yake yote, shukrani ya vita. Leo ile ghorofa ya Eisenhower inalaza wageni na chini watu wanatembezwa kama kawaida, mmoja hamsumbui mwingine.

Na nisiseme mazuri pekee. Kuna nyingine inaitwa Carbisdale, huko kaskazini, ilijengewa mwanamke wa cheo kikubwa, Duchess wa Sutherland, aliyekosana na familia ya marehemu mumewe, na wenyeji wanasimulia kwamba mnara wake uliwekwa saa pande tatu pekee, upande unaotazama ardhi ya hao wakwe ukaachwa bila saa ili wasijue hata ni saa ngapi kutoka kwake! Hiyo kasri ilikuwa hosteli ya vijana tangu 1945, watoto wa watu wa kawaida wanalala humo kwa bei ndogo. Ikafungwa 2011 baada ya baridi kuiharibu, gharama ya kurekebisha ikawashinda. Kwa hivyo najua vitanda peke yake havitoshi, bomba na paa lazima ziangaliwe kila mwaka kabla maji hayajaingia.

Sasa turudi Ngata. Kasri yetu ilianza kujengwa 1938 ikaisha 1954, vyumba 52, na tunavyosimuliwa ni kwa sababu ya mwanamke aliyeiona nyumba ya kwanza ya Lord Egerton akaikataa kwa udogo, na hii kubwa pia akaikataa. Mzee akaishi humo miaka minne tu akafariki 1958, hakuoa, hakuacha mtoto. Kitu ambacho watu wengi hapa hawajui ni kwamba nyumba yake ya kwao Uingereza, Tatton Park kule Cheshire, iliachiwa National Trust ya huko na mpaka leo watu wanaijaza, bustani, mbuga ya kulungu, kila kitu. Mtu mmoja, nyumba mbili. Ya huko inajulikana kote, ya huku mtalii anatoka kuona flamingo Ziwa Nakuru anaenda zake Naivasha hata hajui iko.

Ninachoomba ni kidogo. Sio vyumba vyote 52, hapana. Vitano au sita vya pembeni, ukumbi wa densi na vile vyumba ambavyo watoto wanaoneshwa vibaki vya kuoneshwa. Wataalamu wa makavazi wakague kwanza, tuko na Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya 2006 hatuanzii hewani. Maziwa na viazi vya Njoro vipo, kuku wa kienyeji wapo, wanafunzi wanaosomea kazi ya hoteli wako tele hapa wanahangaika kutafuta mahali pa kujifunzia. Na wale wanaoogopa ati marehemu anatembea usiku, hilo swali nimeulizwa na watoto wa darasa la nne kila mwaka, nawaambia tu kwamba kule Uskoti hadithi kama hizo ndizo zinafanya watu walipie chumba.

Inasimuliwa pia kwamba enzi zake mzee hakutaka mwanamke akanyage ndani ya hiyo nyumba. Chama chetu cha walimu wastaafu tuko 14, wanawake ni 11, na tumekubaliana kwa kikao cha mwezi jana: siku vitanda vitawekwa, usiku wa kwanza tunalipia sisi, blanketi tutakuja nazo.

Mwalimu mstaafu,
Ngata, Nakuru