Mifuko ya zawadi huharibika kwa karatasi kukatwa upande usiofaa

Mhariri,

Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019, vikundi vya kina mama na vijana vimekuwa vikifundishwa kutengeneza mifuko ya karatasi, na baadhi vimehamia kwenye vifuko na viboksi vya zawadi kwa sababu huko bei ni nzuri zaidi. Malalamiko ya wenye maduka ni yaleyale: mfuko hausimami, mbavu zimevimba, gundi imeachia, mshikio umechomoka. Fundi naye huilaumu karatasi, hata ile ya kaki inayotengenezwa hapa hapa Mgololo, Mufindi, ambayo kwa nguvu haina mpinzani, maana hutokana na msonobari, ambao nyuzi zake ni ndefu.

Mara nyingi karatasi haina kosa. Imekatwa upande usiofaa. Jambo hili hupitwa katika mafunzo mengi ya siku moja kwa sababu washiriki hukuta karatasi zimeshakatwa mezani, wakabaki kujifunza kukunja tu.

Kiwandani, nyuzi nyingi za karatasi hulala kufuata mwendo wa mashine. Ukikunja kwa kufuata nyuzi hizo, mkunjo hunyooka. Ukikunja kwa kuzikatisha, zinavunjika: mkunjo unakuwa na meno, na kwenye manila ya rangi unatokea mstari mweupe. Isitoshe, karatasi ikilowa hutanuka zaidi kwa upana wa nyuzi kuliko kwa urefu wake. Ndiyo maana ulimi wa gundi, yaani ule ukingo mwembamba unaounganisha mfuko, hujikunja mawimbi mawimbi karatasi ikiwa imekatwa vibaya, halafu ukaachia palepale kwenye mawimbi hayo. Kwa mfuko, basi, nyuzi zisimame wima, kutoka kitako hadi mdomoni. Mikunjo ya kitako itazikatisha, hilo halikwepeki, lakini pale kuna gundi na kadi ya kushikilia.

Kuujua uelekeo hakuhitaji kifaa. Kata vipande viwili vya sentimita 2 kwa 15 kutoka karatasi moja, kimoja kwa urefu wa karatasi na kingine kwa upana, uvitie alama. Vipandanishe, vishike ncha moja vikiwa vimelala, kisha vigeuze cha juu kiwe chini. Kinacholegea na kuinama zaidi ndicho kilichokatisha nyuzi. Ukitaka uhakika, lowesha upande mmoja wa kipande cha mraba: kitajiviringa kuwa bomba, na nyuzi zinafuata urefu wa bomba hilo. Karatasi ya roli haina fumbo, nyuzi zake hufuata upande inaokunjukia. A4 nyingi za ofisini nazo nyuzi zake huenda kwa urefu, lakini A3 hubadilika kutoka bando hadi bando, kwa hiyo pima.

Sasa vipimo. Karatasi ya sentimita 42 kwa 29.7 yenye uzito wa gramu 120 kwa mita ya mraba inatoa mfuko mmoja mzuri bila kubakiza kitu. Ilaze kwa upana, nyuzi zikienda juu na chini, uigawe kutoka kushoto: ulimi sentimita 2, uso 13, ubavu 7, uso 13, ubavu 7. Ubavu wa mwisho upunguze milimita 2, la sivyo ukingo wake utachungulia nje ya kona baada ya kugandisha. Kwa urefu, acha sentimita 4 juu za kukunjia ndani na 5 chini za kitako. Kitako ni nusu ya ubavu na kidogo: nusu ya 7 ni 3.5, ile 1.5 inayobaki ndiyo inayofanya pande mbili zipandane na kushikana. Wanaoweka 4 kamili hupata kitako kinachofunguka mara tu mteja anapotia chupa ya manukato.

Chora kwanza mistari yote ya mikunjo kwa kalamu ya biki iliyokwisha wino, ukiegemea rula, ndipo ukunje. Kukunja bila kuchora ni kubahatisha.

Kuhusu gundi, uji wa unga wa ngano una maji mengi mno kwa kazi hii, na katika ukanda wa Pwani hualika mende na ukungu. Gundi nyeupe ya mbao ni bora, ila ipakwe nyembamba kwa ukingo wa kadi, isimwagwe moja kwa moja kutoka kwenye chupa. Gandamiza kwa nusu saa chini ya kitu kizito kilichonyooka. Wakati wa masika, fungua bando usiku uliotangulia ili karatasi izoee hewa ya chumba, maana ile iliyokatwa ikiwa kavu itabadilika vipimo ukiwa katikati ya kazi.

Mshikio huchomoka kwa sababu tundu limetobolewa kwenye karatasi tupu. Ndani ya ule mkunjo wa sentimita 4 weka ukanda wa manila nzito wa sentimita 12.5 kwa 3.5, gandisha, kisha toboa matundu mawili yaliyoachana sentimita 6, yakiwa sentimita 2 chini ya ukingo. Kamba ya katani ya sentimita 35 kwa kila upande inatosha, mafundo yakibaki ndani. Kitakoni tumbukiza kadi ya 12.8 kwa 6.8. Na gazeti, Mhariri, kwa heshima zote, halifai kuwa mfuko wa zawadi: ni jepesi mno na wino wake huchafua kilichomo.

Viboksi vina kosa jingine, nalo ni kifuniko. Boksi la kitako cha sentimita 8 kwa 8 na kuta za 4 linatoka kwenye manila ya 16 kwa 16 ya gramu 250. Wengi hukata kifuniko chenye kitako cha 8 kwa 8 vilevile, kisha wakalazimisha mpaka kona zikapasuka. Kwa manila hiyo, ongeza milimita 2 kwa urefu na 2 kwa upana: kitako kiwe 8.2 kwa 8.2, kuta 2.5, yaani kipande cha 13.2 kwa 13.2. Ukiongeza milimita 4, kifuniko kitaanguka boksi likiinamishwa. Ndimi za kona zigandishwe ndani ya kuta.

Ombi letu ni kwa wauzaji wa karatasi wa Kariakoo na kwingineko. Viwanda vingi huonyesha uelekeo wa nyuzi kwenye lebo ya bando, wengine kwa kupigia mstari kipimo kimoja. Bando likifunguliwa na karatasi kuuzwa mojamoja, habari hiyo hupotea. Mshale mmoja wa penseli kwenye kona ya kila karatasi ungetosha. Na wanaoendesha mafunzo wawape washiriki karatasi nzima, wazikate wenyewe.

Watengeneza vifungashio vya karatasi,
Dar es Salaam