Urithi wa Mbongeni Ngema uelezwe wote

Mhariri,

Naandika kuhusu mjadala wa mashabiki juu ya urithi wa Mbongeni Ngema, mtunzi wa Afrika Kusini aliyeandika mchezo wa muziki wa Sarafina! na aliyefariki kwa ajali ya gari Desemba 2023. Wapo wanaotaka atajwe kwa mema tu kwa kuwa ni marehemu. Sikubaliani nao.

Mchezo ule wa 1987 uliifikisha sauti ya wanafunzi wa Soweto waliopinga ubaguzi wa rangi hadi Broadway, majukwaa makubwa ya New York. Filamu yake ya 1992 wengi wetu tuliikariri. Hilo halina ubishi. Lakini ni Ngema huyo huyo aliyetoa AmaNdiya mwaka 2002, wimbo uliowashambulia Waafrika Kusini wenye asili ya Kihindi hadi tume ya malalamiko ya utangazaji ikaamua kuwa ni uchochezi wa chuki. Na Sarafina II, mchezo wake wa kuelimisha kuhusu UKIMWI, iliyotengewa zaidi ya randi milioni 14 za vita dhidi ya UKIMWI, iliishia kwenye kashfa ya zabuni. Kuyafumbia macho haya ni kuwadharau walioumizwa.

Napendekeza televisheni zinapoirusha Sarafina! zitangulize maelezo mafupi yanayogusa yote hayo. Zimtaje pia mwanamuziki Hugh Masekela, aliyeshiriki kuutunga muziki wake, maana jina lake husahaulika mno.

Msomaji wako,
Dar es Salaam