Chuo sio PDF tu

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako. Mwezi wa 3 mwaka 2020 nilikua mwaka wa pili, nasomea ualimu wa sayansi, korona ikaingia nchini vyuo vikafungwa, tukabeba mabegi haraka haraka mpaka Juni 1 ndo tukaruhusiwa kurudi. Muda wote huo nipo kijijini huku Songea, netiweki inashika juu ya kichuguu nyuma ya nyumba ya bibi, jioni napanda pale nanyoosha simu juu na bando la buku linaisha kwenye slaidi za somo moja. Grupu la whatsapp likajaa madesa, yaani notsi za kugawana, desa juu ya desa, na sikumbuki kama kuna mtu aliuliza swali hata moja. Na ni watu walewale tuliokua tunabishana kwenye vimbweta, zile meza za nje za kujisomea, mpaka saa 6 usiku mlinzi anakuja kutufukuza!

Tuliporudi semista ikabanwa, praktiko za kemia tukagawiwa vipimo walivyopata wenzetu wa mwaka wa nyuma tukokotoe tu. Nikafaulu. Leo nafundisha sekondari, siku ya kwanza kuwaonyesha watoto titresheni, yaani kudondosha kimiminika kimoja kwenye kingine mpaka rangi ibadilike, mkono ukatetemeka kwenye bureti, ule mrija wa kudondoshea, rangi ikapitiliza, watoto 60 wananiangalia. Iliniuma sana.

Sasa nikisikia watu wanasema korona imetuonyesha vyuo vihamie mtandaoni, majengo ya nini, naogopa. Chuo Kikuu Huria kinafundisha kwa masafa tangu miaka ya 90 na hata wao wana vituo mikoani, wamejipanga miaka yote hiyo, sio kurusha PDF na kusema tumefundisha. Na kuna upande mwingine, Kenya walifunga vyuo pia lakini 2020 hiyohiyo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kenyatta, wa uhandisi na wa afya pamoja, wakatengeneza mashine ya kumsaidia mgonjwa kupumua. Hiyo ndo kazi ya chuo jamani, nchi ikiumwa maabara ndo zifunguliwe.

Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) naomba muwabane wakuu wa vyuo sasa hivi, kabla ugonjwa mwingine haujaja, waseme praktiko zitafanyikaje. Na sisi tuliopita kipindi kile turuhusiwe hata wiki mbili za likizo kurudi maabara, nauli nitajilipia mwenyewe.

Mwalimu wa kemia, Songea