Risala ya Wanaushirika wa Nyumba kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kuweka Jiwe la Msingi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwenyekiti na wajumbe wa Bodi,
Wabia wetu kutoka halmashauri, benki na mashirika ya ustawi wa jamii,
Wapangaji watarajiwa,
Mabibi na mabwana,

Tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu. Shukrani tumezifupisha makusudi ili tulifikie mapema jambo lililotukutanisha.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, nyumba hujengwa mara moja, lakini huduma kwa mkazi hulipiwa kila mwezi. Mradi wa nyumba nafuu kwa wazee, watu wenye ulemavu, wanawake waliokimbia ukatili au vijana waliotoka makao ya watoto unaweza kukamilika vizuri, ukapakwa rangi na kuzinduliwa, kisha ukaporomoka pale ufadhili wa afisa ustawi unapokwisha na hakuna aliyeandika nani ataendelea kumlipa. Kwa hiyo utatusikia tukizungumzia karatasi zaidi ya matofali.

Tuanze na ardhi. Tumependekeza ibaki mikononi mwa amana ya jamii, yaani chombo kinachoishikilia ardhi kwa niaba ya wakazi wote, na wakazi wapewe mikataba ya muda mrefu juu ya nyumba tu, ili mkazi wa kwanza akihama nyumba isiuzwe kwa bei ya soko. Mfumo huu ulianza Georgia, Marekani, mwaka 1969, kupitia New Communities, shamba la pamoja lililoanzishwa na wanaharakati wa haki za kiraia kwa ajili ya wakulima weusi. Mwaka 1985 walipoteza ardhi yao yote, baada ya ukame na kunyimwa mikopo ya dharura kwa wakati. Amana humzuia mlanguzi, lakini haimzuii mdai. Ndiyo maana tunasisitiza kwamba benki ichukue rehani ya majengo na haki ya upangaji, na hati ya ardhi isiguswe.

Kuhusu fedha, kodi ya pango isizidi asilimia 30 ya kipato cha kaya. Kwa mwenye kipato cha msimu, tunapiga wastani wa miezi 12. Anayepimwa kwa mwezi wa mavuno pekee ataanza kudaiwa kabla mwaka haujaisha. Kodi hiyo ilipe bima, matengenezo, akiba ya paa na mabomba, na marejesho ya mkopo. Mapato yanayobaki baada ya gharama za uendeshaji yawe angalau 115 kwa kila 100 ya marejesho, kwa sababu kutakuwa na vyumba vitupu na kutakuwa na wanaochelewa. Mshahara wa afisa ustawi usitoke humo hata kidogo. Ukitoka humo, kinachokatwa kwanza ni matengenezo, na paa likianza kuvuja wenye uwezo wa kuhama huhama.

Jambo la tatu, Mheshimiwa, ni kutenganisha majukumu. Anayekusanya kodi asiwe ndiye anayesikiliza matatizo ya mpangaji. Mama mwenye deni la miezi miwili hatamfungulia mlango mtu anayeweza kumwondoa, hata akija na dawa mkononi. Afisa ustawi mmoja asibebe zaidi ya kaya 20, na zile zenye mahitaji mazito zisizidi 10. Kodi ikichelewa siku 7, mwenye nyumba amjulishe afisa huyo kabla ya kuandika barua yoyote, kwa ridhaa ambayo mpangaji aliitia sahihi siku anaingia. Mara nyingi kinachogundulika ni posho iliyosimamishwa au ugonjwa, na deni la wiki moja hurekebishika. La miezi minne huishia mahakamani.

Finland walipoanza mwaka 2008 kugeuza mabweni ya wasio na makazi kuwa nyumba za kudumu, mkazi alipewa mkataba wake wa upangaji kwanza, bila kudaiwa aache pombe ndipo apewe ufunguo. Tunajua baadhi yenu hamtalipenda hilo. Sisi tunalipenda, kwa sababu mtu asiye na mlango wa kufunga hawezi kutunza hata kadi yake ya kliniki.

Katika ujenzi, makosa madogo ndiyo ghali. Milango iwe na upana wazi wa sentimita 80 hadi 90. Njia ya mteremko iwe moja kwa kumi na mbili: kizingiti cha sentimita 15 kinahitaji mteremko wenye urefu wa sentimita 180, na tumeona michoro ikiupa 90. Bafuni iachwe nafasi ya sentimita 150 ya kugeuza kiti cha magurudumu, na mlango ufunguke kwa nje, maana anayeanguka ndani huuziba kwa mwili wake. Ukuta wa vishikio uimarishwe sasa. Kishikio kilichofungwa kwenye ubao mwembamba hung'oka siku kinapohitajika.

Ujirani nao haujengwi kwa kuandika neno "jamii" kwenye kibao. Chumba cha pamoja kikae njiani, karibu na mahali pa kufulia na sanduku la barua, si ghorofa ya mwisho. Wakazi wapewe theluthi ya viti vya Bodi, pamoja na kura juu ya bajeti ya matengenezo. Nchini Uruguay, ambako sheria ya mwaka 1968 iliweka msingi wa vyama vya kujenga kwa kusaidiana, familia huhesabiwa saa za kazi kila wiki. Utaratibu huo unafaa, ila kwa wazee na wagonjwa kutunza watoto au daftari la stoo kuhesabiwe sawa na kubeba zege.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ombi letu ni moja. Kabla paa halijaezekwa, tupatiwe ahadi ya maandishi ya kugharimia huduma za ustawi kwa miaka 5, yenye notisi ya miezi 12 iwapo mbia atajitoa. Rasimu ya mkataba tunakukabidhi pamoja na risala hii. Wabia watatu wameshatia sahihi. Nafasi ya mlipaji wa huduma bado iko wazi.

Ni sisi,
Wanaushirika
(Imesomwa na Katibu)